Moto Usioazimwa

Asubuhi ile jikoni kwa mama walikuwepo Senge Rosa, dada mkubwa wa baba, aliyetoka Kitale mjini akiwa na koti lake la kanisani; Baba mdogo Kundu, aliyeishi ng'ambo ya ua wetu; mkewe, Mama Agneta; Mzee Wanyama, aliyeitwa kusikiliza mambo ya ukoo; Fundi Barasa, ambaye hakuwa wa ukoo na hakuitwa na mtu; wadogo zangu Wekesa na Nasimiyu; na mimi, Naliaka. Hakukuwa na mwingine. Nawataja wote kwa sababu mwezi uliopita tulimzika Baba mdogo Kundu hapo hapo kijijini Kwanza, na baada ya mazishi nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikiwakumbuka mmoja mmoja, nikaona wakubwa wote wameisha. Tumebaki sisi tuliokuwa watoto. Wekesa anaendesha lori, Nasimiyu ni mwalimu Kitale, mimi ningali nalima shamba lile lile. Tulikuwa tunakula wali na nyama chini ya turubai, na mjukuu mmoja wa Kundu, kijana wa simu mkononi, akauliza, "Ati hii ndio boma yule mchawi wa Webuye alikuwa anawasha moto bila kitu?" Wekesa akacheka. Nasimiyu akamjibu, "Ndiyo hii. Mimi nilimwona kwa macho yangu." Nilikuwa na mfupa mdomoni. Niliutoa, nikauweka kando ya sahani, na sikula tena.

Mwaka wa asubuhi ile nilikuwa darasa la saba, kisha sikuwa darasa lolote. Mama alimfuata baba kabla mahindi hayajapaliliwa, kwa ugonjwa ambao siku hizo watu waliutaja kwa kukohoa tu. Siku ya kunyolewa nywele kumaliza matanga, ndugu walipokaa uwanjani kugawa kilichobaki, sisi pia tulikuwa miongoni mwa vilivyobaki. Nilikuwa ndani nikisafisha vikombe, na kupitia dirishani nilimsikia Baba mdogo Kundu akisema, "Huyu kijana aende kwa Senge, aoshe sufuria za hoteli. Huyu mdogo atakaa kwangu. Huyu mkubwa ameshakuwa mtu, atapata pa kwenda." Shamba lenyewe hakulitaja, lakini alikuwa amesimama juu yake, miguu ameipanua. Nilitoka na kikombe mkononi nikasema tunabaki wote watatu, nitapika, nitalima. Walicheka. Senge Rosa hakucheka. Alinitazama kichwa changu kilichonyolewa akasema, "Sawa. Nyumba ni jiko. Nikisikia moto umelala hapa na watoto hawali, nitakuja na gari niwachukue, na wewe usinililie." Akamgeukia Kundu. "Wewe uko karibu. Utakuwa macho yangu."

Hivyo ndivyo moshi wa jiko letu ulivyokuwa kitu cha kuangaliwa kila asubuhi kutoka ng'ambo ya ua. Jiko la mama lilikuwa la udongo, mafiga matatu meusi, ukuta mmoja umeinama, na rafu ya mbao iliyobeba sufuria, chumvi, na kopo la mafuta ya kupikia lililokwisha. Huku Kwanza kuna baridi asubuhi. Ukungu unashuka kutoka Mlima Elgon na kulala juu ya mahindi mpaka jua likomae. Watoto walioamka bila uji hutetemeka kwa namna isiyo ya baridi tu. Nililijua hilo wiki ya kwanza, kwa sababu ya kiberiti.

Mama Agneta hakuwahi kutuibia. Hilo nataka lieleweke. Alikuja kuazima. Kwetu mtu akija mlangoni kuomba moto au chumvi, humnyimi, na akiwa ni mke wa baba yako mdogo, unampa kwa mikono miwili na magoti yameinama. Alikuja mchana, sauti yake laini kama maziwa. "Naliaka mayi, mwanangu, hebu nisaidie kibiliti, changu kimelowa." Nikampa. Kesho nikaenda kukidai, nikapiga magoti mlangoni kwake. "Kibiliti gani? Si nilirudisha kwa Nasimiyu? Huyu mtoto anapoteza vitu, bana." Nasimiyu, ambaye alikuwa bado ananyonya kidole, akalia. Nikanunua kingine kwa mayai ya kuku wa mama. Akaja akaazima. Nikaficha cha tatu chini ya godoro, naye akaingia kutupatia pole ya siku arobaini, akaketi kitandani, akapapasa. "Aa, kumbe mko nacho. Mnanificha? Mimi mzazi wenu?" Nikamwomba msamaha. Nikampa.

Nilijaribu kufukia makaa kwenye majivu, kama mama alivyofanya. Tukitoka shambani tulikuta jiko limefagiwa na kumwagiwa maji. "Nimewasaidia usafi," alisema. "Jiko chafu linaleta magonjwa, na nyinyi hapa mnajua magonjwa." Majirani wengine walitupa kaa la moto mara moja moja, kwenye kipande cha chungu, lakini walikiweka chini mbali nao, niokote wakiwa wamerudi nyuma. Mwanamke mmoja alisubiri niondoke kisha akachota majivu mahali niliposimama akayatupa nje. Siku nyingi tulikula mahindi makavu yaliyolowekwa, viazi vitamu vibichi, kunde zilizovimba kwa maji baridi. Wekesa aliharisha. Baba mdogo Kundu alipita asubuhi akasimama langoni akitazama paa letu lisilo na moshi, mswaki mdomoni, na kusema kwa sauti ya kutosha sisi kusikia, "Senge atauliza. Mimi siwezi kudanganya mtu wa kanisa."

Fundi Barasa alikuwa na kibanda sokoni, karibu na mashine ya kusaga unga. Alikuwa amefanya kazi ya mashine huko Webuye miaka mingi, akagombana na watu, akanywa, akarudi upande huu kuziba sufuria na kutengeneza baiskeli. Hakuna aliyempenda. Alikuwa na mdomo. Mwanamke akileta sufuria imetoboka angemwambia, "Hii si sufuria, mama, hii ni chujio. Nani alikuoa?" Siku ya soko, akishalewa, alikuwa anatoa mfukoni kijiti cha shaba kilicho wazi ndani kama mrija, kinene kama kidole gumba, chenye fimbo ya chuma ndani yake kama pampu ndogo ya baiskeli. Anakiweka juu ya gogo, anakipiga kwa kiganja, pa!, anachomoa fimbo, na kwenye ncha yake kuna nukta nyekundu. Anawasha sigara. Watu walirudi nyuma, wengine wakitema mate. Yeye aliwacheka. "Washamba nyinyi. Mnakula unga wa injini ya dizeli kila siku na hamjui inawaka namna gani. Haina kiberiti ndani! Hewa ikibanwa ghafla inakuwa moto. Ni hivyo tu." Walisaga unga wao wakaenda, na njiani waliliita jambo hilo jina jingine.

Nilienda kwake nikiwa na njaa na nikamwambia ukweli wote, kiberiti na kuazima na Senge. Alicheka mpaka akakohoa. "Kwa hivyo mke wa Kundu anaazima moto. Na hii ataiazima? Ataipeleka wapi? Hata nikimpa aitie mdomoni haitawaka." Alipenda wazo hilo kuliko alivyotupenda sisi. Sitaki kumpamba. Alinifundisha kwa sababu alitaka kuwaza sura ya Agneta akisimama mlangoni bila kitu cha kuomba.

Alinipa kijiti, akaniambia niwashe. Nilipiga magoti mbele ya gogo, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyofunzwa: msichana akikaribia moto, akipokea kitu, akimpa mkubwa kitu, anainama. Nikasukuma fimbo kwa mikono miwili. Ikaingia, ikarudi. Hakuna kitu. Nikasukuma tena. Barasa alinipiga kwenye bega kwa spoku ya baiskeli. "Inuka! Unampigia moto magoti? Huyu ni mkwe wako? Unamsalimia?" Nikainuka. "Sasa mpige. Mpige kama mtu aliyekula chakula cha ndugu zako." Nilipiga, lakini mwili wangu uliinama wenyewe kabla mkono haujafika, na pigo likafa njiani. Spoku tena. Kila jioni baada ya shamba nilirudi, na kila jioni magoti yalinisaliti. Alinitukania mama yangu aliyekufa. Alisema alinilea kuwa mkeka. Mara moja nililia, akaniambia machozi yakiingia kwenye mrija yataozesha mpira, nilie upande wa barabara. Viganja vyangu vilitoka malengelenge, yakapasuka, yakawa magumu.

Kulikuwa na mengine ya kujua, na hayo alinieleza vizuri zaidi kwa sababu yalihusu vitu na si watu. Mpira mwembamba wa valvu unaozunguka fimbo lazima upakwe mafuta kidogo tu, la sivyo hewa inatoroka au mafuta yanaloanisha kila kitu. Fimbo lazima ichomolewe papo hapo, kabla cheche haijakosa pumzi. Na kwenye kishimo cha ncha unaweka kitambaa kilichochomwa ndani ya kopo lililofunikwa, likiwa na tundu dogo. Moshi ukikoma unaliondoa motoni, na hulifungui mpaka lipoe. Mimi nililifungua likiwa moto, kitambaa chote kikawaka mbele ya macho yangu kikawa jivu. Na lazima kiwe pamba. Nguo zetu za mitumba ziliyeyuka kama plastiki. Pamba ya kweli nyumbani ilikuwa moja tu, nepi za Nasimiyu, nyeupe, ambazo mama alizifua na kuzikunja ndani ya sanduku akingoja mtoto mwingine. Nilizikata vipande vidogo kwa wembe. Nasimiyu alinitazama akauliza kama mtoto huyo mwingine haji tena. Nikamwambia haji. Akanishikia upande mmoja wa kitambaa nikate vizuri.

Siku nilipoweza, sikuwa nawaza chochote. Nilikuwa nimechoka na nimekasirika, nilisimama wima mbele ya gogo na kushusha mkono na uzito wote wa mwili, pa!, nikachomoa, na nukta ile ilikuwa pale, nyekundu, ndogo kuliko punje ya wimbi. Niliitia kwenye nywele kavu za mahindi, nikapuliza, moshi ukaja, kisha mwale. Barasa aliangalia, akatema mate pembeni, akasema, "Umechukua muda mrefu kuliko mpumbavu wa kawaida. Chukua hiyo, mimi nitachonga nyingine." Nilipiga magoti kumshukuru. "Toka hapa," alisema.

Miezi iliyofuata moshi wetu ulitangulia wa Kundu kila asubuhi. Nasimiyu alinenepa mashavu. Tulikula uji wa wimbi, ugali na mboga ya murere, na msimu ulipofika, mahindi mabichi yaliyochomwa mpaka vidole vikawa vyeusi. Mama Agneta alikuja. "Nisaidie kibiliti." Nikasema, "Hatuna, mama." Akatazama sufuria inayochemka. "Huo moto umetoka wapi?" Nikasema tumewasha. Aligeuka akaenda mikono mitupu, na kuondoka kwake kulinifurahisha kwa namna ambayo sasa naikumbuka kwa uzito, kwa sababu nilikuwa msichana mdogo na nilidhani aliyeondoka mikono mitupu ameshindwa.

Alirudi alfajiri siku nyingine, bila kubisha, akachungulia kwenye ufa wa ukuta ulioinama. Aliona nimesimama nikipiga kitu cha shaba juu ya gogo, akasikia mlio, akaona moto. Alipiga mayowe mpaka mbwa wakaanza. Kufikia jioni Kwanza nzima ilijua kwamba mtoto wa marehemu anapiga hewa na moto unatoka, na watu wakaanza kuelewa, walisema, kilichowaua wazazi wake.

Ndiyo sababu ya asubuhi ile. Senge Rosa alikuja na gari kama alivyoahidi. Lilisimama nje, injini ikinguruma, dereva hataki kuizima. Kijiti kiliwekwa sakafuni kati yetu, hakuna aliyetaka kukishika. Mzee Wanyama alisema kwa upole kwamba kukiwa na uchawi nyumbani watoto wadogo hawawezi kuachwa, na mwenye kuufanya hawezi kukaa katika boma la ukoo. Baba mdogo Kundu alikuwa ameshamshika Nasimiyu mkono. Wekesa alikuwa amebebeshwa mfuko wa nguo zake. Nilisema si uchawi, ni hewa, nitawaonyesha, nitawaeleza. Nilikuwa na hakika. Niliamini wakiona vizuri, kwa mwanga, wataelewa.

"Onyesha," Kundu alisema. "Washa. Senge aone mwenyewe."

Hapo ndipo Fundi Barasa alipoingia, ananuka pombe ya busaa ya jana, akasimama mlangoni akizuia mwanga. Alimtazama Kundu, akamtazama Senge anayekumbatia Biblia yake, akalitazama gari. Nadhani aliona kitu ambacho mimi sikukiona: kwamba pale hapakuwa na mtu aliyekuja kuelewa. Nikiwasha, nimekwisha.

"Huyu awashe?" alisema, akacheka kile kicheko chake. "Huyu hawezi kitu. Ni mimi nilikuwa nakuja kumwashia alfajiri. Kitu ni changu. Hebu, mtoto wa watu, jaribu. Na uwe na adabu, uko mbele ya wakubwa. Piga magoti."

Nilimtazama. Macho yake hayakuwa na huruma yoyote. Yalikuwa yale yale ya mtu mwenye spoku. "Magoti," alisema tena. Nikapiga magoti. Nikasukuma kwa mikono miwili, taratibu, kama msichana aliyelelewa vizuri. Fimbo ikaingia, ikarudi. Nikarudia. Senge Rosa alivuta pumzi ndefu. Nikasukuma mara nyingine, na kitambaa cheusi cha nepi kikabaki baridi.

Barasa aliinama akakichukua kijiti, akakipiga pale pale kwenye kizingiti, pa!, akawasha sigara na kumpulizia Kundu moshi usoni.

Kundu ndiye aliyempiga wa kwanza. Wengine waliokuwa wanangoja nje ya ua, ambao sikujua kuwa wapo, walimmalizia. Walimburuta mpaka sokoni. Nilisikia mlio wa kitu kikivunjika mwilini mwake na nilimsikia akiwatukana, kwa ufasaha, mama wa kila mmoja kwa jina, mpaka sauti ikawa nyingine. Kibanda chake kilichomwa mchana kweupe. Mama Agneta alifungua fundo la leso yake akawapa kiberiti, na kilikuwa kimoja kati ya vyetu. Senge Rosa alifunika macho ya Nasimiyu kwa kiganja. Kisha akamwambia Kundu aniachie watoto, kwa sababu kosa halikuwa langu, na akanipa mbele ya wote boksi zima la viberiti. "Hizi hakuna wa kuziazima," alisema. Mzee Wanyama aliomba. Wekesa alirudisha nguo zake kwenye msumari. Jioni hiyo tulikula ugali na kunde, na wadogo zangu walikula sana. Nami nilikula.

Nilimwona Barasa mara moja tu baadaye, mwaka ukielekea kwisha. Nilikuwa nimetumwa Mabanga kwa khocha wangu, kaka ya mama, kuchukua mbegu za mihogo, na nilipokuwa nakatiza Bungoma mjini nikamkuta kando ya barabara ananoa visu, taya limekaa upande. Nilianza kusema nitarudi Kwanza, nitawaambia wote. Alininyamazisha kwa kisu. "Ukisema sasa watarudi kwa wale watoto, na mimi nitakuwa nimevunjwa mdomo bure. Kundu akishaingia shimoni, sema. Siku hiyo usinisahau." Alizungumza kwa taabu, mate yakimtoka. "Mimi ni fundi. Kuitwa mlevi ni sawa. Ile nyingine sitaki kuzikwa nayo."

Alizikwa nayo. Kundu aliishi miaka mingi, akala vizuri, na mwisho wake mimi ndiye niliyempelekea uji. Wiki moja baada ya mazishi yake nilienda Webuye kumtafuta binti ya Barasa. Anauza mahindi ya kuchoma karibu na barabara kuu. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, moshi wa jiko lake ukinijia machoni, naye aliendelea kugeuza mahindi.

"Mimi hiyo najua, mama," alisema. "Baba alitueleza. Aliyemwita mchawi si mimi. Kijana wangu anataka kuoa huko kwenu Kwanza. Wazazi wa msichana wameuliza ukoo wetu, wameambiwa, wamekataa. Uje unililie mimi hapa, inanisaidia na nini? Nenda ukasemee pale ilisemewa. Watu wakijaa."

Aliniuliza kama nataka hindi. Nilisema ndiyo, akanichagulia lililoiva vizuri.

Familia ya huyo msichana naijua. Tunakaa benchi moja kanisani. Nilimpigia Nasimiyu kumwambia nitasimama sokoni na kusema kwamba aliyewasha moto ule ni mimi. Alisema binti yake mwenyewe ana wageni wa posa Disemba, na wageni huuliza ukoo. "Dada, wewe unajua watu. Si ungoje harusi ipite?" Nilimwambia kijana wa Webuye naye anangoja. "Huyo si mtoto wetu," alisema, akakata. Tangu hapo hapokei simu. Kila siku ya soko navaa viatu, nafika mpaka pale kibanda kilipokuwa, ambapo sasa wanauza vocha na vifuniko vya simu, nasimama nikiwatazama watu wakijaa. Sijafungua mdomo bado.